Pima Mia Mbili na Kumi na Mbili

Idara ya Ramani za Bahari, ghorofa ya tatu
2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi na Mama tu wazima, hofu yote iko kwako. Najua kila mtu huandika hivyo, hata anayemwandikia jirani wa ukuta mmoja. Mimi naandika kwa sababu uko juu ya meli kuukuu isiyo na hata simu ya upepo, na kazi yako ni kuinama ukingoni mwa sitaha ukihesabu waya unaozama.

Ndani ya bahasha kuna chati mpya ya eneo lenu, mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Imetoka kwa mchapaji juzi. Kila kina kilichomo umekipima wewe, na kila namba nimeiandika mimi kwa kalamu ya ncha nyembamba, miezi mitano nimeinama juu ya meza ya kioo mpaka shingo inakataa kunyooka. Mama ameitandika kitandani akaita majirani waje waone kazi ya wanawe. Mmoja akauliza samaki wako wapi.

Sasa nikuchambe kidogo. Mstari wa saba, kituo cha kumi na nne. Kituo cha kabla yake umepata pima 905, cha baada yake 911, na hapo katikati umeandika 212. Pembeni ukaongeza: "Imehesabiwa kwa mdomo, saa ya kuhesabia mizunguko ya gurudumu imeharibika." Kwa mdomo wako! Wewe uliyetuhesabu watoto wa Mama ukapata watano, kwa kuwa ulijihesabu mara mbili!

Unajua desturi ya hapa. Namba isiyoaminika hurudishwa melini na karatasi nyekundu, na mhesabu akifikisha karatasi tatu anateremshwa bandari ya kwanza na sanduku lake. Wewe unazo mbili. Basi sikuiandika ya tatu. Kabla mkuu wetu, Bwana Rula, hajaiona ile 212, niliiacha nje ya chati nikapitisha mistari ya kina juu yake. Sasa pale bahari imenyooka. Usinishukuru, jifunze kuhesabu.

Dada yako


Melini
24 Machi

Shikamoo dada,

Chati ilifika na boti ya vyakula, pamoja na sabuni na viazi vilivyooza. Nahodha ameibandika ukutani kwenye chumba cha usukani. Nilingoja pakawa hapana mtu, nikaenda kuweka kidole penye kituo cha kumi na nne. Peupe. Nikaona haya, kisha nikashukuru. Siku ile ningeapa kwamba waya ulilegea kwenye mzunguko wa mia mbili na kumi na mbili, na mzunguko mmoja wa gurudumu ni pima moja, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, hakuna hesabu nyingine. Lakini nilikuwa na homa ya siku tatu, na mwenye homa haapi. Umenisitiri, nawe Mungu akusitiri.

Habari kubwa ni Chungu. Tumeletewa tufe la chuma, wanaenea watu wawili waliokunja magoti. Lina madirisha mawili ya kioo kinene kama tofali, na mlango unaofungwa kwa skrubu kumi zinazogongwa kwa nyundo. Mabaharia wanaliita Chungu kwa sababu, wanasema, kiingiacho humo kimeshapikwa. Litateremshwa kwa kebo hadi pima mia tatu, na waliomo watazungumza na sisi wa juu kwa simu, waeleze wanachokiona. Nahodha anasema hamjui mtu aliyefika huko akarudi kusimulia.

Mwenye Chungu ni Profesa, mama wa makamo anayeuliza maswali hata usingizini. Ameisoma chati yako kwa kioo cha kukuzia siku nzima, akachagua mstari wa saba, kati ya kituo cha kumi na tatu na cha kumi na tano. Anataka maji marefu na sakafu tambarare, kwa sababu tufe likining'inia meli inasukumwa na mkondo, na tufe nalo linakwenda huko huko. Amesema aliyechora chati hii ana mkono wa kuaminika. Nilitaka kumwambia ni dada yangu tumbo moja, nikanyamaza.

Atashuka na mhunzi wa meli, tarehe thelathini mwezi wa tano. Mimi nitakuwa juu nimeshika simu, kazi ya kukaa kitako. Mwambie Mama nimenenepa.

Mdogo wako


Idara ya Ramani
1 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka. Kati ya kumi na tatu na kumi na tano kuna nini? Kuna kumi na nne. Bahari yote hiyo, na mama wa watu amekwenda kuchagua pale pale nilipopafuta!

Nijibu kama mtu mzima, utani tuuweke kando. Waya ulilegea vipi siku ile, ghafla au polepole? Risasi ya kupimia, ule uzito wa mwisho wa waya, ilirudi na nini? Nilipofuta namba ile nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika wa jina langu. Tangu jana ule uhakika nautafuta siuoni. Leo nimemwaga wino kwenye chati ya bandari, kazi ya wiki tatu, na Bwana Rula ameichukua mwenyewe akaitupa kapuni.

Kama unaweza, mshawishi Profesa asogee. Mstari wa tisa nao ni mrefu na umenyooka. Usimwambie kwa nini.

Dada yako


Melini
21 Aprili

Dada,

Nimshawishi asogee bila kumwambia kwa nini! Profesa huyu ukimpa chumvi anauliza kwa nini. Nikimwambia, atafungua daftari la meli. Daftari lina 212, chati haina. Ataanza kutafutwa aliyefuta, na aliyefuta si mimi. Mama anaishi kwako, si kwangu. Sitafungua mdomo, na usiniombe tena.

Umeuliza nami nakujibu. Waya ulilegea ghafla. Lakini waya hulegea hata mkondo ukiubeba, na siku ile nilikuwa naona magurudumu mawili badala ya moja. Lile bomba la chini ya risasi, la kuchotea tope, lilirudi na kitu ndani. Nilikimimina chupani bila kutazama, nikabandika karatasi ya kituo, nikakimbilia ukingoni kutapika. Chupa ilikuja kwenu pamoja na nyingine zote mwisho wa msimu. Huo ndio ushujaa wangu wote.

Kwa hiyo tulia. Wewe ndiye mwenye akili katika ukoo, siku zote imekuwa hivyo. Ukisema pale ni tambarare, pale ni tambarare.

Mdogo wako


Idara ya Ramani
3 Mei

Mdogo wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Uliposema chupa, nilishuka bohari. Sisi wachoraji hatushuki huko. Namba hupanda ghorofa ya tatu, tope huteremka chini ya jengo, na miaka yote niliyofanya kazi hapa sijaona siku vimekutana. Anayelinda bohari ni mama mmoja tunamwita Mama Chupa, mikono yake inanuka spiriti. Nilimwomba mstari wa saba, kituo cha kumi na tatu, cha kumi na nne na cha kumi na tano. Ilimchukua siku tatu kuzipata, kwa kuwa ziko elfu nyingi na aliyezipanga alikwishakufa.

Alizimimina kwenye visahani vitatu. Cha kumi na tatu, tope laini la kijivu, lisilo na punje. Cha kumi na tano, vile vile. Cha kumi na nne, mdogo wangu, ni changarawe nyeusi yenye makali, vipande vya kombe, na kijitawi cha tumbawe kirefu kama ukucha. Mama Chupa alikisogeza kisahani kwenye taa akasema, "Hii risasi imepiga mwamba, mwanangu. Tope halina meno."

Ulihesabu sawasawa. Ukiwa na homa, kwa mdomo, bila saa, ulihesabu sawasawa. Pale chini pana mlima, kilele chake kiko pima 212, na Chungu kinakwenda mia tatu. Kikisukumwa na mkondo kitaugonga ubavuni.

Nilipaswa kupeleka simu ya maandishi siku hiyo hiyo, hadi kisiwani inakopakia boti yenu, iwahi ile ya tarehe sita. Lakini simu ya kwenda kwenu haipokelewi bila saini ya Bwana Rula, na saini yake haipatikani bila maelezo. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Nikamsikia anakohoa ndani. Nikarudi. Mwanamke mzima, nimekimbia kikohozi. Nilijiambia nafikiria Mama, lakini nilikuwa najifikiria mimi, meza yangu, kalamu zangu, na watakavyonitazama wale wasichana wa ghorofa ya pili.

Kwa hiyo nimehesabu siku. Barua hii itaikosa boti ya tarehe sita, itapanda ya tarehe ishirini. Profesa na mhunzi wanashuka tarehe thelathini. Siku kumi zinatosha. Mwonyeshe Profesa barua hii yote, pamoja na huu upande wa mlango na kikohozi. Siku kumi ni nyingi.

Dada yako


Melini
5 Mei

Dada,

Nimekudanganya mara mbili, na kesho boti inaondoka, kwa hiyo acha niseme.

La kwanza, mhunzi hashuki. Mabega yake hayakupita mlangoni hata siku moja. Tangu Chungu kilipopanda melini, mwenye mwili wa kuingia humo ni mimi. Ule wembamba mliokuwa mkinichekea nyumbani ndio uliochaguliwa.

La pili, si tarehe thelathini. Ni tarehe kumi na nne, asubuhi. Nilikuandikia thelathini ili utakapoanza kuhesabu siku kwa hofu, mimi niwe nimeshapanda na barua ya kukucheka iko njiani. Hii itakufikia tarehe kumi na mbili au kumi na tatu, na huna la kunifanya, ndiyo maana nakuambia.

Naogopa sana. Juzi walikiteremsha kitupu kikiwa na taa imewashwa ndani. Kilirudi taa imezimika na maji kama kikombe kimoja chini. Profesa akasema kikombe kimoja si kitu kwa kina kile, akaagiza skrubu zikazwe zaidi. Niliyaonja yale maji wenzangu walipogeuka. Yalikuwa ya baridi kuliko maji yoyote niliyowahi kuonja. Naogopa nyundo mlangoni, kwa kuwa anayegonga yuko nje na mimi niko ndani. Naogopa hewa kuisha. Naogopa, usicheke, kubanwa haja ndogo mbele ya Profesa.

Mhunzi aliniuliza jana kama ninaweza kulala. Nikamwambia nalala kwa sababu ya chati. Tukisimama pima mia tatu, chini yangu pana pima mia sita za maji matupu, pande zote maji matupu, na hayo hakuniambia baharia wala mpiga ramli. Ameyaandika dada yangu kwa mkono wake.

Mama asijue.

Mdogo wako


Nyumbani
13 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe tano ilifika jana saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tano nilikuwa mbele ya Bwana Rula, na sikubisha hodi.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, nikamwagia changarawe ya kituo cha kumi na nne juu ya karatasi zake safi. Aliokota punje moja. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kufuta namba?"

Nikamwambia, "Wewe, mzee. Mwaka wangu wa kwanza. Ulisema namba moja ikibishana na jirani zake wote, ni mhesabu aliyelewa, na chati yenye vituko hainunuliwi."

Alivuta kalamu. Alitia saini. Kalamu yake ilichana karatasi.

Simu inasema: NAMBA 212 NI YA KWELI. MLIMA UPO KITUO 14. CHUNGU KISISHUKE. Imekwenda hadi kisiwa kile boti yenu inakochukulia vyakula, na tumewasihi wasingoje tarehe ishirini, watafute boti nyingine. Jana jioni walijibu hakuna boti. Leo asubuhi wamejibu imepatikana, imeondoka saa moja. Kutoka pale hadi kwenu ni mwendo wa siku moja na nusu, bahari ikiwa nzuri. Mbili ikiwa mbaya. Nimepiga hesabu hiyo kwenye kila karatasi iliyo humu ndani, na kila mara boti inafika kesho jioni, nawe unashuka kesho asubuhi.

Ile barua yangu ya tarehe tatu iko kwenye gunia la posta kisiwani, inangoja. Ina kila kitu. Kama siku ile ningefungua mlango badala ya kusikiliza kikohozi, ungekuwa umeshaambiwa.

Leo nimeomba upepo mbaya uwapate. Nimepiga magoti kabisa nikaomba mawimbi, mvua, winchi ya kuvutia kebo iharibike, Profesa aumwe tumbo. Mama amenikuta hapo akauliza mbona sijala tangu jana. Nimemwambia jino. Akanichemshia maji ya chumvi nisukutue, nami nikayasukutua mbele yake, na ile ladha ya chumvi mdomoni, mdogo wangu, ilinikimbiza nje.

Barua hii sijui naiandika kwa mtu aliye wapi. Nijibu. Hata matusi.

Dada yako


Melini
16 Mei

Dada,

Naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie. Niko hai. Profesa yuko hai, goti lake limevunjika. Boti yako ilifika jana mchana. Tulishuka juzi asubuhi.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana uwongo nimekwisha kukupa wa kutosha.

Walifunga mlango kwa nyundo. Tukaondoka. Profesa alikuwa dirisha la kushoto, mimi la kulia na simu masikioni, nikiwatajia wa juu kila pima kumi. Kitambaa chekundu cha Profesa kilikuwa cheusi kabla hatujafika pima thelathini. Baadaye mwanga wa kijani nao ukaondoka. Ikabaki bluu moja, nayo ikazidi kukolea mpaka ikawa giza, na katika giza lile vitu vyenye taa zao vikawa vinapita, na Profesa akawa ananitajia niandike, sauti yake imejaa furaha kama ya mtoto. Mimi nilikuwa nalowa jasho kwenye baridi ile.

Kwenye pima mia mbili na hamsini aliomba tusimame. Tukawasha taa yetu kubwa. Nikaona vumbi la majini linakwenda upande. Maana yake sisi ndio tuliokuwa tunakwenda. Kisha nikaona ukuta.

Niliuona, dada. Mwamba mweusi, una vitawi vyeupe vimeota, na samaki mmoja ametulia juu yake. Ulikuwa bado mbali kidogo, lakini ulikuwa unakuja. Na wa juu wakaniuliza kwa simu, "Upande wa kulia kuna nini?"

Nikawaambia, "Hakuna kitu."

Nilisema hakuna kitu, kwa sababu chati inasema hakuna kitu, na chati umechora wewe, na mimi ndiye nisiyejua kuhesabu. Nilidhani homa imerudi. Nilidhani ni woga unanionyesha mambo. Nikaanza kuhesabu moyoni nijijue kama nina akili zangu, na nikafika mia moja na themanini, na ukuta ukajaa dirisha zima. Dakika tatu, dada. Katika dakika tatu winchi ingetuvuta tukapita juu ya kilele bila hata kukwaruza rangi. Nilikaa nautazama mlima nilioupima mwenyewe, nikijiambia haupo.

Kiligonga mara mbili. Mara ya pili taa ilizimika na Profesa akaniangukia, goti lake nikalisikia. Maji yakaingia penye skrubu moja, membamba kama uzi, na nilipoyaziba kwa kiganja yakanipasua kama wembe. Nilipiga kelele kwenye simu, vuteni, vuteni. Walivuta, kebo ikakwama kwenye mwamba. Tulikaa hapo gizani tukisikiliza maji yakijaa. Muda gani, sijui. Hapo sikuhesabu. Profesa alinishika shingo akaniuliza kama nina mama. Kisha kebo ikachomoka yenyewe. Walipofungua mlango maji yalikuwa yametufika kifuani.

Profesa ameniuliza kama niliuona mapema. Nimemwambia ndiyo. Amegeukia ukutani tangu jana.

Simu yako nimeisoma mbele ya nahodha. Nililia, na haikuwa furaha. Maisha yangu yote nimeambiwa sijui kuhesabu, nami nikaamini, mpaka macho yangu mwenyewe nikayakataa. Hasira sina. Au ninayo, bado haijafika.

Lakini kuna jambo linanitisha kuliko Chungu, na nimelifikiria siku mbili hizi nikiwa nimelala chali. Barua yako ya Machi, iliyoleta chati. Uliieleza ile namba kwa kucheka, kwa mistari miwili, kisha ukaenda kwenye mengine. Mtu anayefanya jambo kama lile kwa mara ya kwanza hacheki. Mkono wako ulikuwa umezoea.

Dada, ngapi nyingine?

Mdogo wako


Posta Kuu, kwenye benchi la kungojea
25 Mei

Mdogo wangu,

Bahasha yako niliibusu kabla ya kuifungua, mwandiko umepinda lakini ni wako. Nimemwambia Mama yote. Aliuliza ni kiganja kipi, cha kulia au cha kushoto, na tangu hapo anakataa kula kwa mkono wake wa kulia. Akitaka kunilaumu atanilaumu, ana haki.

Swali lako lilipofika nilitaka kukasirika. Niliikunja barua nikaiweka mfukoni, nikachonga kalamu zote zilizo mezani, hata zilizochongeka. Halafu nikatoa rasimu zangu za miaka tisa nikazilinganisha na madaftari ya meli, moja baada ya jingine, siku mbili.

Ni kumi na moja, bila ya kwako.

Sikumbuki hata nusu yake. Hilo ndilo linalonitia baridi. Yako naikumbuka kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Zile nyingine ni za wahesabu wa watu, watoto wa watu, niliowahurumia karatasi nyekundu au niliotaka tu niwahi kurudi nyumbani. Saba ziko kwenye maji marefu, haziwezi kumgusa mtu ila mwenda wazimu anayeshuka kwenye chungu. Tatu sijui. Moja ina pima nne. Mhesabu aliandika nne, pande zote ni sitini, nami nikaiona nne nikasema huyu amelewa. Meli kubwa iliyojaa watu, chini yake inazama zaidi ya pima nne. Na tangu mwezi uliopita meli za abiria zimefunguliwa njia mpya ya mkato, na nimeipima njia hiyo kwa rula mara sita. Inapita pale pale. Manahodha waliichagua kwa sababu kwenye chati yangu ni nyeupe.

Nilimpelekea Bwana Rula orodha. Ameisoma, akaifungia kwenye droo. Amesema tutazirudisha kimya kimya kwenye toleo la mwakani, kwamba meli zimeshapita pale mara tatu salama, kwamba idara haiwezi kutangaza kuwa chati zake ni za uwongo. Nikamwomba saini. Akasema nikapumzike, nimepatwa na mengi.

Sikupumzika. Simu ya kwenda melini kwenu ilihitaji saini yake, lakini simu ya kwenda bandarini anaweza kupeleka yeyote anayeingia Posta kutoka barabarani. Nimeandika zote kumi na moja, vituo na kina, kwa mkuu wa bandari. Ile ya pima nne nimeitanguliza. Karani ameisoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza aweke jina la nani mwishoni. Nimempa langu, na cheo changu, ingawa cheo hicho nadhani kitakuwa kimekwisha kabla ya saa za kazi kwisha.

Meli ya leo ya njia ile inang'oa nanga saa kumi. Ina abiria mia nne na kumi, nimemuuliza karani wa tiketi wa hapa mjini, bandari yenyewe iko mbali. Saa ya ukutani hapa inasema saa tisa na dakika arubaini. Kila mashine ya simu inapogonga ndani nasimama, na kila mara karani ananitikisia kichwa kwamba ni ya mtu mwingine.

Nakuandikia ili mikono iwe na kazi. Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Bandari bado haijajibu.

Dada yako